Kamera Haiwaki: Pitia Haya Kabla Hujampelekea Fundi

“Kaka, kamera juzi ilikuwa nzima, leo nawasha haiwaki kabisa. Nifanyeje?” Ujumbe wa namna hii naupokea mara kwa mara, na aghalabu unaingia Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi, mwenye kamera ana harusi saa chache mbele yake. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nayaweka majibu hapa kwa mpangilio ambao mimi mwenyewe naufuata.

Mpangilio huo ndio ninaotaka uushike. Umeme wa kamera una njia yake: unatoka kwenye betri, unapita kwenye vibati vya betri (vile vipande vya rangi ya dhahabu), unakutana na swichi ndogo ya mlango wa betri, ndipo unafika kwenye bodi, lenzi na kadi. Kagua kuanzia nje kwenda ndani, kitu kimoja kwa wakati mmoja, na baada ya kila hatua jaribu kuwasha. Anayebadilisha betri, akatoa lenzi, akafuta kadi na kusafisha kila pahali kwa mpigo mmoja, hata kamera ikiwaka hajui imeponywa na nini. Wiki ijayo ikigoma tena anaanza upya.

Nazungumzia zaidi kamera za kubadilisha lenzi, maana ndizo tunazofanyia kazi wengi wetu. Zile ndogo za mfukoni nimezigusia mbele.

Andaa vitu hivi

- Betri ya pili ya aina ileile, iliyojaa. Bora zaidi iwe imechomolewa sasa hivi kwenye kamera inayowaka, kwa hiyo azima kwa mwenzako. Hakuna kipimo kinachoshinda hiki.
- Chaja yako.
- Mita ya umeme, hata ile ya bei nafuu wanayotumia mafundi redio.
- Tochi ya simu.
- Vijiti vya pamba na kitambaa laini kisichoacha nyuzi.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya kusafishia vidonda usiitumie, kwa sababu nyingine zina mafuta ndani yake, na mafuta hayo yatabaki kwenye vibati.
- Kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo: mate ni maji yenye chumvi.
- Kijiti cha meno cha mbao.

Kaa mezani penye mwanga, tandika kitambaa cheupe ili kitu kidogo kikidondoka ukione.

Onyo moja kubwa

Usifungue skrubu za kamera. Nimeona vijana wakiifungua kwa bisibisi ya simu wakifuata video. Kamera yenye flashi yake ya kuinuka ina kapasita inayobeba umeme wa takriban volti 300, na inaweza kukaa na umeme huo hata baada ya betri kutolewa. Ukiigusa itakurusha, na ukiiunganisha kwa bahati mbaya na bodi utakuwa umeua kamera ambayo pengine ilihitaji kufutwa vibati tu. Kila kitu kilichomo humu kinafanyika bila kufungua skrubu hata moja.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha kweli haijawaka.

Kamera nyingi zinazoitwa mbovu zimelala tu. Weka swichi kwenye ON, kisha bonyeza nusu kitufe cha kupigia picha na ushikilie sekunde mbili. Kamera hujilaza yenyewe baada ya muda mfupi ili kuokoa betri, na kubonyeza nusu ndiko kunakoiamsha.

Kwenye DSLR, yaani kamera zenye kioo cha ndani, chungulia kwenye tundu. Ukiona namba zinang'aa chini ya picha, kamera inawaka, na skrini ya nyuma ndiyo iliyozimwa. Bonyeza kitufe cha INFO au DISP mara kadhaa.

Kwenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani kuna mtego mwingine. Pembeni ya tundu la kuchungulia kuna kijicho kinachotambua kwamba umeweka jicho, nacho huzima skrini ya nyuma na kuhamishia picha kwenye tundu. Mkanda wa kamera ukikifunika, au vumbi na jasho vikiganda pale, skrini inabaki nyeusi siku nzima. Kifute kwa kitambaa, sogeza mkanda, ujaribu tena.

2. Vua kila cha ziada.

Toa flashi ya juu, waya wa maikrofoni, triga ya taa (ile inayowasha flashi kwa mbali), na ile gripi ya betri mbili, kishikio kinachofungwa chini ya kamera, kama unayo. Gripi naitilia mkazo. Kwenye kamera nyingi, kufunga gripi kunadai uchomoe mlango wa betri wa kamera. Ukivua gripi bila kurudisha mlango ule, kamera nyingi hazitawaka, na utadhani tatizo limeongezeka. Utafute mlango wako. Watu wengi wanausahau kwenye boksi.

3. Ipumzishe.

Weka swichi OFF, toa betri, toa na kadi. Acha hivyo kwa dakika 10. Rudisha betri peke yake bila kadi, washa. Bodi ya kamera ni kompyuta ndogo, na kuna wakati inakwama kama simu inavyokwama. Ikiwaka hapa, rudisha kadi na uendelee na kazi, lakini weka alama akilini: ikirudia mara ya pili, fuata hatua zilizobaki.

4. Weka betri ya kuazima.

Ikiwaka, tatizo ni betri yako au chaja yako. Nenda hatua ya 5. Isipowaka, betri yako huenda haina kosa. Ruka hadi hatua ya 6.

Angalia namba ya betri, usiangalie umbo pekee. Betri mbili zinaweza kulingana umbo na zisiwe aina moja.

5. Pima betri na chaja.

Betri nyingi za kamera hizi zina seli mbili ndani, na ubavuni zimeandikwa volti 7.2 au 7.4. Ikijaa, mita itasoma karibu na 8.4. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye kibati chenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye cha kutoa. Usiache ncha zigusane, utapiga shoti.

Ikisoma 8 na kitu, betri ina chaji. Ikisoma 6 au chini, imeisha kabisa. Ikisoma sifuri au karibu yake, mara nyingi kinga ya ndani imejifunga kwa sababu betri iliachwa tupu muda mrefu. Iweke kwenye chaja na uiache. Chaja nyingine huanza kuilisha polepole, kisha huendelea kawaida. Baada ya saa mbili pima tena. Kama bado ni sifuri, nunua nyingine.

Nakusihi usikubali betri hiyo “kustuliwa” kwa nyaya, ile wanayofanya baadhi ya mafundi simu. Betri ya lithiamu iliyolazimishwa hivyo inaweza kushika moto ukiwa umeiweka kwenye begi au umeiacha ikichaji usiku watu wamelala.

Taa ya chaja nayo inasema jambo. Kwa mfano chaja ya LC-E6 ya Canon inamweka rangi ya machungwa mara moja kwa sekunde betri ikiwa chini ya nusu, mara mbili ikivuka nusu, mara tatu ikifika robo tatu, na inakuwa kijani ikijaa. Taa ikimweka harakaharaka bila mpangilio huo, chaja inalalamika: vibati vichafu, betri ya moto mno au iliyoharibika. Toa, futa, iache ipoe, rudisha. Isipowaka kabisa, jaribu soketi nyingine kabla hujailaumu. Kwenye kumbi zinazotumia jenereta, chaja ndiyo inayoumia kwanza umeme unapopanda na kushuka. Chaja za kamera hizi kwa kawaida zimeandikwa 100–240V, lakini upandaji wa ghafla ni kitu kingine. Mimi siku hizi nachaji nyumbani na kubeba betri zilizojaa, ukumbini sichomeki.

Kuhusu betri za bei rahisi: zipo nzuri na zipo za hovyo, na maandishi ya ubavuni hayakusaidii sana. Betri halisi ya Canon ya LP-E6 ni mAh 1800 (kipimo cha chaji inayobeba), LP-E6N ni 1865, na LP-E6NH ni 2130. Ukiuziwa ya umbo hilohilo iliyoandikwa zaidi ya 3000, tilia shaka. Na kuna kamera zinazokataa betri isiyo ya kampuni yake: zinaonyesha ujumbe, au zinawaka na kuzima.

Betri iliyovimba isirudi ndani ya kamera hata kama ina chaji. Ikiwa imekwama ndani, usiichokonoe kwa bisibisi. Mpelekee fundi ikiwa humohumo. Ukiitoa, usiitupe kwenye takataka zinazochomwa.

6. Safisha vibati.

Vibati ni vile vya rangi ya dhahabu kwenye betri, na wenzao ndani ya shimo la betri. Mulika tochi. Sisi wa Pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam, hewa yetu ina chumvi na unyevu, na vibati vinashika ukungu ambao jicho halioni vizuri. Ukiona ukijani, hiyo ni kutu.

Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi, kikamue ili kisidondoshe tone, futa vibati vya betri kwanza. Kisha ingiza kijiti kingine ndani ya shimo, ufute taratibu kwa kwenda upande mmoja. Vile vya ndani vimesimama kwa springi na vinapinda kwa urahisi. Kimoja kikilala, kamera haitawaka tena bila fundi. Acha dakika 5 ikauke.

Kifutio cha penseli kinatumika sana, na kwenye betri kinaweza kusaidia pale kutu imegoma. Fanya mbali na kamera, halafu ufute unga wake wote. Ndani ya shimo usikiingize. Msasa usitumie popote. Utaondoa dhahabu, na chuma cha chini yake kitashika kutu upya ndani ya miezi michache.

7. Kagua mlango wa betri.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza hela bure.

Jioni moja nilikuwa kwenye sendofu Sinza. Binti anashuka kwenye gari, shangazi zake wameshaanza vigelegele, nainua kamera: imezima. Nikabadili betri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nikiwa naigeuza mikononi, kidole gumba kikaukandamiza mlango wa betri, na skrini ikawaka. Nikaachia, ikazima. Nikakandamiza, ikawaka. Nilipofungua na kumulika, nikaona kile kijino cha plastiki kwenye kona ya mlango, hakizidi punje ya mchele, kimevunjika. Nikakunja kipande cha kadi ya mwaliko mara nne, nikakiweka chini ya mlango, nikazungusha tepu nyeusi, nikapiga kazi hadi saa sita usiku. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mwenzangu mmoja mwenye kamera ya aina hiyohiyo alikuwa ametozwa hela ya bodi nzima kwa tatizo lililofanana na hilo neno kwa neno, na sehemu niliyokuja kuinunua mimi ilikuwa ni mlango tu.

Kamera nyingi zina swichi ndogo ndani ya ukingo wa shimo la betri, na mlango ukifungwa kijino chake huibonyeza. Isipobonyezwa, kamera inaamini mlango uko wazi na inakataa kuwaka. Baadhi ya kamera za Canon zina swichi ya namna hiyo kwenye mlango wa kadi pia. Kwenye zile ambazo betri na kadi zinakaa shimo moja chini ya kamera, kama 1200D na 1300D, ni mlango huohuo mmoja.

Fanya hivi: funga mlango, ukandamize kwa kidole, washa. Ikiwaka, umepata mwizi wako. Isipowaka, fungua, acha betri ndani, tafuta kile kiswichi kwa tochi, ukibonyeze taratibu kwa kijiti cha meno huku swichi kuu iko ON. Usitumie pini wala sindano. Chuma karibu na vibati vya betri ni shoti inayosubiri. Mlango mpya unauzwa peke yake na kwa kamera nyingi unabadilishwa bila skrubu: una kipini cha springi unachokisukuma kwa kucha.

8. Toa lenzi.

Lenzi yenye shoti au mota iliyokwama inaweza kuizuia kamera nzima isiwake. Weka OFF, toa lenzi, funika mdomo wa kamera kwa kifuniko chake, washa. Ikiwaka bila lenzi, futa vile vibati vya duara kwenye lenzi na kwenye kamera kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo. Kioo na kihisi cha ndani (kinachonasa picha) usiviguse. Kisha jaribu lenzi nyingine. Kamera ikiwaka na lenzi nyingine na kugoma na yako, mgonjwa ni lenzi, na fundi apelekewe lenzi.

9. Jaribu kadi nyingine.

Kadi iliyovunjika pembeni au yenye mchanga inaweza kuikwamisha kamera wakati wa kuwaka. Kwa zile kadi za pini nyingi, CF, mulika ndani ya tundu uone kama kuna pini iliyolala. Ukiona, usiendelee kuchomeka kadi.

Kadi ikiwa na picha za watu na kamera imeikataa, usiiformati. Itoe, iweke pembeni, picha ziokolewe kwenye kompyuta kwanza.

Ikiwa bado inasumbua

*Inawaka sekunde moja kisha inazima.* Kwanza betri iliyochoka: mita inasoma vizuri ikiwa haina mzigo, lakini kamera ikivuta umeme betri inaanguka. Betri ya kuazima itakuambia. Kisha mlango, kisha lenzi.

*Inawaka, inaandika Err.* Hiyo si kamera iliyokufa, inaongea nawe. Kwa Canon, Err 01 ni mawasiliano ya lenzi na kamera, rudi hatua ya 8. Err 02 ni kadi, hatua ya 9. Kwa Nikon, ukiona F-- kamera haiitambui lenzi. FEE ni pete ya kurekebisha mwanga kwenye lenzi ya zamani ambayo haijafungwa kwenye namba yake kubwa kabisa.

*Inauliza tarehe kila ukiwasha.* Ni betri ndogo ya saa, haihusiani na kutowaka. Kwenye Canon 7D na 5D Mark II, kwa mfano, ni CR1616 na unaibadilisha mwenyewe. Nyingine zina ya ndani inayojichaji kutoka betri kubwa. Acha betri iliyojaa ndani ya kamera kwa siku moja hivi.

*Kamera ya mfukoni inatoa lenzi nusu na kuzima.* Mchanga, karibu kila mara, hasa ikitoka ufukweni. Elekeza lenzi chini, puliza kwa kipulizio kuzunguka mirija yake. Usiivute kwa mkono. Na ukague betri: baadhi ya kamera hizi zinakubali betri ikiwa imegeuzwa. Zinazotumia betri za AA hazitaki zile za bei ya chini za redio. Hizo zinaweza kuisha nguvu mara lenzi inapoanza kutoka. Tumia alkalaini au za kuchaji za NiMH.

*Ilitoka chumba chenye AC ikaingia kwenye joto la nje.* Unyevu umeganda ndani. Zima, toa betri, iache kwenye begi lililofungwa hadi ifikie joto la nje, nusu saa au zaidi. Safari nyingine iache begini kabla ya kutoka.

*Imeingia maji.* Toa betri sasa hivi, kabla ya kufuta chochote, na usijaribu kuiwasha “kuona kama inafanya”. Umeme kwenye bodi yenye maji ndio unaoua. Mchele hausaidii kitu zaidi ya kuingiza unga ndani. Iweke kwenye chombo kilichofungwa chenye vipakiti vya silika. Kama ni maji ya bahari, usisubiri ikauke. Siku hiyohiyo ifike kwa fundi anayejua kamera, kwa kuwa chumvi inaanza kula bodi mara moja.

Ukifika kwa fundi

Ukipita hatua zote 9 na haijawaka, huenda ni fyuzi ndogo kwenye bodi, swichi kuu, au bodi yenyewe. Fyuzi hukatika sana kwa waliotumia betri ya bandia yenye waya (ganda la betri linaloleta umeme wa nje) iliyounganishwa kinyume. Mwambie fundi ulichokijaribu na kilichotokea: “Nimeweka betri iliyotoka kwenye kamera inayowaka, nimekandamiza mlango, nimetoa lenzi na kadi, bado kimya.” Fundi mzuri atafurahi, umemfupishia kazi. Muulize kama atapima fyuzi kabla ya kutaja bei ya bodi.

Mwachie kamera tupu, bila lenzi, kadi, betri wala mkanda, labda akiomba betri ya kupimia. Piga picha ya namba ya utambulisho (serial namba) iliyo chini ya kamera mbele yake. Na mkubaliane mapema kwamba kifaa chochote atakachokibadilisha, kile cha zamani utarudishiwa mkononi.